Mahindi Mekundu ya Edah

Vile vidonge vya kuhifadhia mahindi vina harufu ya kitunguu saumu kilichooza, na tangu walipomzika Edah, Joash hakutia kitunguu saumu kinywani tena. Winrose, mke wa mwanawe, alijua. Mgeni akileta kitunguu cha namna hiyo, Winrose alikiweka nje juu ya ukuta wa bafu kikakaa huko mpaka kikanyauka.

Edah hakufa kwa ugonjwa. Alikufa kwa mahindi. Zamani kila boma upande huu wa Malava lilikuwa na ghala lake nje, la fito, limeinuliwa juu ya nguzo. Kisha wezi wakaanza kuja na pikipiki, wakawa wanakomba ghala mpaka punje ya mwisho kama watu wanaohama kwao. Chifu akaambiwa. Chifu akasema atalifikisha juu. Likafika juu, na mambo yakifika juu ndiyo yamekwisha. Basi watu wakabomoa maghala, wakaingiza magunia vyumbani, wakalala nayo kama mke wa pili. Na kwa kuwa fukusi haogopi komeo, wakanunua vidonge sokoni, vimefungwa kwa kipande cha gazeti, bila kopo, bila neno la onyo, kwa kijana aliyeuza pia betri na sumu ya panya. Wakubwa walikuwa wakija soko lile kila wiki. Walikuja kutoza ushuru. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza yule kijana, wewe, hivi unavyouza ni nini?

Siku ile Joash alikuwa matangani Iguhu. Mvua ilinyesha, Edah akafunga dirisha na kuziba nyufa kwa matambara ili hewa ya dawa isitoke, akalala humo. Joash aliporudi alimkuta anatapika, kifua kimembana kama aliyefungwa kamba. Kwenye kituo cha afya, aliyemwona alimwandikia dawa ya malaria bila kuinua uso. Alikufa akitibiwa malaria. Joash alipokwenda kuuliza baadaye, aliambiwa, "Mzee, hata wewe siku yako iko." Maneno hayo alirudi nayo nyumbani, na hajayatua mpaka leo.

Pale kaburini aliapa kwamba kidonge hakitapita tena lango la boma lake. Si kwa ajili yake. Yeye alikuwa amebaki kama gogo la jikoni, nusu limeungua. Ni kwa ajili ya Mitchel, mjukuu wake, aliyekuwa bado anaota meno Edah alipokufa. Bravin, baba wa mtoto, alikuwa Nairobi akilinda geti la mtu mwingine. Winrose na Mitchel walilala katika nyumba ya Bravin, chumba kimoja na magunia. Kila mavuno Joash alipepeta, akaanika, akachagua kwa mkono, na kila mwaka fukusi wakamshinda. Nusu ya mavuno ilikuwa unga kabla ya kufika kinuni. Winrose hakusema kitu, lakini sufuria ilisema.

Ndipo mashine ikaja.

Waliijenga kando ya barabara ya Webuye, nyumba ya kuta nene kama ngome, na wakubwa wa mradi wakaita mkutano kanisani. Msichana mmoja mwembamba, Cherotich, ndiye aliyejua kazi. Alieleza kwa Kiswahili cha kueleweka.

"Ni mionzi, wazazi wangu, ndugu ya ile ya kupigia picha ya kifua hospitalini, ila hii ni kali zaidi. Gunia linapita, mionzi inaingia, inaharibu uzazi wa mdudu, basi. Haibaki ndani ya chakula. Hakuna dawa, hakuna harufu, hakuna sumu."

Mzee Erastus alisimama nyuma, ameshika kofia. "Na sisi wanaume? Nikila hayo mahindi, uzazi wangu si utakwenda pamoja na wa fukusi?"

"Erastus!" Christine, mwenyekiti wa kikundi chao cha wakulima, hakumngoja msichana ajibu. "Wako ulikwenda kabla barabara hii haijawekwa lami. Usije ukasingizia mashine ya watu."

Kanisa likaangua kicheko, na Erastus mwenyewe akacheka akakaa.

"Kuna jambo moja kubwa," Cherotich aliendelea. "Kwa sababu haibaki kitu, mahindi hayo hayana askari. Mdudu mwingine akiingia baadaye, atakula tu kama kawaida. Kwa hiyo gunia likishashonwa—"

Mkubwa wake, mtu wa tumbo na miwani, alitazama saa. "Asante, Cherotich. Mengine watafahamishwa. Sasa tutoke nje tupige picha, mheshimiwa ana safari."

Neno la msichana likakatika kama uzi. Watu wakatoka kupigwa picha. Joash alikuwa amesikia kile alichokuja kusikia: haibaki kitu. Winrose alikuwa nyuma ya kanisa akichochea moto wa chai ya wageni. Hakusikia hata hiyo nusu.

Joash, ambaye tangu msiba alikuwa akikaa mikutanoni kama jiwe, alisimama mbele ya kikundi akasema mpaka jasho likamtoka. Mnunuzi wa mjini Kakamega alikuwa ameahidi kuchukua mahindi yao yote kwa pamoja, mradi yasiwe na dawa wala mdudu. "Mnataka nini tena?" Joash aliuliza. "Mnangoja nani mwingine afe?" Wengine walisema mionzi itawatoa vipara, wengine watoto watazaliwa bila kucha. Lakini walimheshimu kwa sababu ya Edah. Wakakubali kujaribu mavuno ya msimu mmoja.

Walipeleka magunia kwa trekta ya miwa. Yaliingia upande huu yakibebwa na mkanda unaotembea, yakazama nyuma ya ukuta, yakatokea upande wa pili. Joash aligusa gunia la kwanza. Halikuwa hata na joto. Akachota punje, akamwona fukusi anatembea juu ya kiganja chake, kazi yake haijaisha.

"Binti, huyu mbona yuko hai?"

"Atatembea siku chache, baba, kisha atakufa. Hawezi kuzaa tena."

"Kumbe Erastus mwingine," Christine alisema, na Joash akacheka. Alicheka mpaka akaona aibu, maana hakuwa amecheka tangu kaburi.

Magunia mapya meupe, yameshonwa midomo kwa mashine, yalipangwa chumba kimoja kando ya kanisa. Joash ndiye aliyepewa ufunguo. Jioni alikuwa akienda kufungua mlango na kusimama tu, akivuta pumzi. Harufu ya mahindi, basi. Mahindi matupu, kama alivyoyajua utotoni.

Sasa, katika boma la Joash kulikuwa na desturi ambayo Edah aliikuta kwa mama mkwe wake. Juu ya moto wa jiko la kuni yalining'inia masuke ya mahindi mekundu ya kienyeji, mbegu ya tangu zamani, yamekaushwa na moshi mpaka yakang'aa kama shanga, fukusi asiyaguse. Kila mavuno Edah alipukuchua masuke machache na kutia ukufi wa punje ndani ya kila gunia la boma lake. "La zamani limsalimie jipya," alisema, "gunia lisijione yatima." Hakuna aliyemcheka. Mwanamke asiyesalimia mahindi yake alionekana ana haraka ya kula.

Baada ya magunia kushonwa, Winrose alikuja mlangoni kwa Joash, akapiga goti kidogo kama ilivyo adabu, kikapu kiko chini ya leso.

"Baba, naomba ufunguo. Nikasalimie mahindi yetu."

Moyo wa Joash ulijaa. Alikuwa akidhani Edah amekwenda na mambo yake yote, kumbe ameacha mtu. Akampa ufunguo. Hakuuliza neno. Hakukumbuka kwamba jiko la kuni halikuwa limewashwa tangu Edah afe, kwamba Winrose alikuwa akipika kwa gesi upande wa nyumba yake, kwamba yale masuke yalikuwa yamening'inia miaka juu ya majivu baridi, bila moshi.

Winrose alifumua kona za magunia yao, akatia ukufi kila moja, akashona tena kwa sindano ya mkono. Alishona vizuri. Alikuwa na mkono mzuri.

Miezi kadhaa baadaye, mnunuzi alipokuja na lori lake, kikundi kizima kilivaa kama kinakwenda harusi. Kijana wa lori alichoma gunia kwa bomba la chuma lenye ncha, akalichomoa. Kilichotoka kilikuwa unga, na ndani ya unga fukusi wanapanda mmoja juu ya mwingine. Akachoma la pili. Akachoma la jirani yake. Wadudu walikuwa wametoboa kutoka gunia hadi gunia, hata ukuta ulitambaa. Mnunuzi hakutukana. Alifunga mlango wa lori lake polepole, na hilo lilikuwa baya kuliko tusi.

Cherotich aliitwa, akaja peke yake, viatu vimejaa matope. Mkubwa wake alikuwa na mkutano. Watu walimzunguka pale uani pa kanisa, kila mmoja ana lake la kusema. Yeye alichuchumaa, akamwaga kilichobaki cha gunia moja juu ya turubai, akachambua kwa vidole.

"Wazazi wangu, haya mekundu yametoka wapi?"

Alinyanyua kiganja wote wayaone.

"Mahindi mliyoleta yalikuwa meupe yote. Nilikuwepo. Haya mekundu hayakupita kwenye mashine. Kuna mtu alifungua gunia?"

Joash aliziona. Punje nyekundu, zimetobolewa mpaka zikawa maganda, kati ya nyeupe. Angezitambua hata gizani. Mbele ya macho yake likapita jiko la Edah, majivu yake, masuke yaliyokosa moshi, kikapu chini ya leso. Akamtazama Winrose. Winrose alikuwa ametazama chini, na leso yake aliikunja mkononi, akaikunjua, akaikunja.

Joash alijua kilichokuwa kwenye mizani. Akisema, mashine itaendelea kufanya kazi, na kidonge hakitarudi kijijini. Lakini watu hawa waliopoteza mavuno ya mwaka watamgeukia Winrose, mwanamke aliyeolewa hapa, mume wake mbali, na jina watakalompa litamfuata kisimani na kanisani mpaka azeeke. Na watamtaja Edah. Watasema mahindi ya marehemu ndiyo yaliyotuua kwa njaa.

Neno lilimpanda mpaka kooni likageuka.

"Binti," alisema, "usitutafutie makosa sisi." Sauti yake ilikuwa imekaa ndani miaka, ikatoka na kutu yake. "Nyinyi na wakubwa wenu ndivyo mlivyo. Mke wangu alikufa, mkasema malaria. Maghala yetu yanaibwa, mnatuacha tukifungie chakula ndani. Mnaacha sumu iuzwe sokoni bila jina lake. Leo mnatuletea nyumba ya mionzi, mnapiga picha, mnaondoka, na mahindi yakiliwa mnatuuliza nani alifungua gunia! Yuko wapi yule wa miwani? Mbona hakuja kuchambua fukusi na wewe?"

"Ni kweli, baba Bravin!" mtu alisema. "Waambie!"

"Baba, nisikilize," Cherotich alisema. "Siku ile sikumaliza kueleza—"

"Hukumaliza! Mmesikia? Hawamalizi kitu, hawa!"

Makofi yalipigwa. Joash hakuwa amesema uongo hata mmoja, ukichukua neno moja moja. Cherotich alisimama na ngumi ya punje nyekundu, akamtazama yeye tu, si kwa hasira. Kisha akazitia mfukoni akaenda zake kwa miguu mpaka barabarani.

Na wakubwa? Wakubwa walikuwa wakingoja sababu. Mashine ilikula umeme mwingi na picha zilikuwa zimeshapigwa. Haukupita muda, lango la ile nyumba likatiwa mnyororo. Wakaeleza kwamba wananchi wenyewe wameikataa.

Kila mtu alibeba kilichosalia chake, akakipepeta, akakirudisha chumbani. Christine akaenda sokoni kwa niaba ya wote akarudi na vidonge ndani ya gazeti.

Joash alisimama uani, Winrose akipita na fungu lake la vidonge.

"Hivyo haviingii hapa," alisema.

"Baba, tutakula nini?" Hakupaza sauti. "Kilichobaki kikiliwa, nitampa mtoto nini? Niambie njia nyingine, nitaifuata."

Hakuwa na njia nyingine. Ile iliyokuwepo aliifunga mwenyewe kwa mdomo wake.

"Basi mtoto asilale humo. Wala wewe."

"Atalala kwako. Mimi nitalala sebuleni."

Ikawa hivyo. Mitchel akawa analala kwa babu yake, akimpiga mateke ya mbavu, naye akihesabu kila teke kuwa heri. Lakini mtoto ni mtoto, na mchana hauna mlinzi. Siku moja Winrose alikuwa shambani akipalilia, Joash akisuka kamba chini ya upenu wake. Alipomwita Mitchel aje ale, hakuitikia. Akaita tena. Kutoka nyumba ya Bravin, nyuma ya dirisha lililozibwa matambara, alisikia mtoto akikohoa. Alikuwa ameingia kutafuta blanketi lake, akapitiwa na usingizi juu ya kitanda cha mama yake.

Joash alikimbia mpaka mlangoni, akasimama. Kwao, baba mkwe haingii chumba anacholala mke wa mwanawe. Hata nyumba ikiungua, ataita kwanza. Naye akaita. "Winrose! Winrose, e!" Aliita huku akijua Winrose hayupo. Aliita mpaka kikohozi kikaacha, ndipo akasukuma mlango.

Kitunguu saumu. Harufu ilimpiga kama mtu aliyekuwa nyuma ya mlango akimngoja. Alipita kati ya nguo za mke wa mwanawe, akaruka gunia, akamnyakua mtoto na kumtoa nje, akamlaza juu ya nyasi penye upepo. Mitchel alitapika. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu.

Kijana wa pikipiki aliwapeleka kituo cha afya kile kile. Aliyekuwa zamuni alianza kuandika, na Joash akamshika mkono wenye kalamu.

"Si malaria. Ni vidonge vya mahindi. Andika hivyo."

Walimtia mpira wa hewa puani. Dawa ya kuifuta sumu ile, muuguzi alisema, haipo, si hapa tu, haipo popote. Ni kungoja. Winrose alifika na udongo wa shamba miguuni, akakaa upande wa pili wa kitanda. Kifua cha mtoto kililia kama mlango mkavu, lakini kilipanda na kushuka.

"Yale mekundu," Joash alisema.

"Najua, baba."

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua alipoyashika tu yule dada." Alimpangusa mtoto jasho. "Lakini kabla sijatamka neno, wewe ulikuwa umeshasema. Ningesimama vipi mbele ya watu nikasema baba mkwe wangu amekosea?"

Ilikuwa mchana bado Winrose alipomtuma Joash arudi nyumbani kuleta blanketi na uji, naye akapita njia ya juu, ile inayopita kwa watu wa kikundi. Ndipo akaona. Jua lilikuwa kali, siku ya kuanika nguo na kufungua kila kitu, na nyumba baada ya nyumba madirisha yalikuwa yamefungwa, nyufa zimezibwa matambara, na matambara yamesukumwa kwa kisu yakae.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwenye maneno!" Christine alikuwa akichambua mboga kizingitini. "Mulembe, salama? Siku ile uliwapa wale watu haki yao, mpaka leo nikikumbuka nacheka."

"Christine, fungua dirisha."

"Nifungue dawa itoke? Si ni jana tu nimetia."

"Nani yuko ndani?"

"Mama mkongwe amejipumzisha. Mbona?"

"Mtoe. Mashine haikuwa na kosa. Yale mekundu yalikuwa ya Edah, yametoka jikoni kwangu, hayakupata moshi, fukusi wakayaingia. Nilijua, nikanyamaza. Mtoe mama."

Christine aliweka mboga chini. Alimtazama jinsi watu walivyomtazama wakati wa matanga, kwa huruma na mbali kidogo. "Baba Bravin, nimesikia habari za mtoto. Pole sana. Kichwa chako sasa si chako. Wale wakubwa wamekuumiza vya kutosha, usijibebeshe na mzigo wao. Kaa nikutilie chai."

Alisema tena, naye akamjibu vile vile, kwa upole ule ule. Uongo alisema mara moja akapigiwa makofi. Ukweli huu hata kiti haukupewa, alipewa yeye. Basi Joash akazunguka nyumba, akatia vidole kwenye ufa wa dirisha na kuvuta tambara, akavuta jingine, Christine akipiga kelele nyuma yake, "Wewe mzee, wewe! Jamani, njooni mwone!" Dirisha likafunguka. Harufu ikatoka. Ndani bibi mkongwe akauliza nani huyo.

Hakungoja majirani. Alikuwa bado ameshika tambara mkononi alipofika kwa Erastus, na huko pia dirisha lilikuwa limezibwa, na ndani kulikuwa na mtu anayekohoa.